Tausi dume anayerukia watu: namna ya kuishi naye bila kuumizana

Kama una tausi dume nyumbani na ameanza kukufukuza uani, kitu cha kwanza nakuomba uweke fimbo chini. Najua inauma, ndege umemlea mwenyewe toka kifaranga, ulikuwa unamlisha mkononi, amelala kwenye boksi jikoni chini ya taa, alikuwa anakufuata kila unapokwenda, leo hii unatoka na ndoo ya maji anakuja mbio kifua mbele anakurukia na miguu miwili. Ila jibu lipo hapo hapo kwenye malezi.

Tausi dume anapofika miaka miwili kwenda mitatu homoni zinapanda, anaanza kutafuta eneo lake na majike wake, na anayemwona ni mpinzani ni yule aliyekua naye. Akikua na tausi wenzake atagombana na tausi. Akikua na wewe peke yako, dume mwenzake ni wewe. Hana chuki na wewe, wala hajasahau chakula chako, anafanya kile dume yeyote wa jamii yake anafanya ila amekosea mtu wa kumfanyia. Na kila ukimpiga unamhakikishia kwamba kweli mnagombea uwanja, kesho anarudi na nguvu zaidi, na ukikimbia nako unamwambia ameshinda, kesho anarudi kulinda ushindi wake. Kwa hiyo kazi yako yote kuanzia leo ni moja tu, kutoka kwenye huo ugomvi. Asikuone mpinzani, asikuone mtu wa kufukuza, akuone ni mtu anayepita tu.

Wengi wetu tausi tunawajua kwa Ikulu, pale Dar wanatembea kwenye bustani, na mwaka 2020 kule Chamwino Rais Magufuli aliwagawia marais wastaafu na Mama Maria Nyerere tausi 25 kila mmoja. Angalia hiyo hesabu, 25. Ndege wa namna ile wana wenzao na wana eneo la kutosha la kukimbiana. Sasa linganisha na dume mmoja kwenye uwanja wa pavingi, ukuta pande nne, hana hata jike, wa kumtambia ni dada wa kazi na mlinzi. Huyo lazima atafute ugomvi.

Kabla hujafanya lolote jua anarukia kwa sababu gani, maana sababu siyo moja. Dume aliyelelewa na watu ndo kesi kubwa na ngumu kuliko zote. Kuna dume mzima kabisa kiakili ambaye anakuwa mkali msimu wa kupandana tu halafu anatulia. Kuna jike, watu wanasahau kwamba jike naye anarukia akiwa anaatamia au ana vifaranga, na yeye dawa yake ni rahisi, usipite karibu na kiota kwa hizo siku 28 za kuatamia mpaka vifaranga viwe vimechangamka. Kuna anayepigana na kivuli chake kwenye gari. Na kuna ndege ambaye hajawahi kuwa mkali halafu ghafla nje ya msimu kabadilika, huyo mwangalie afya, kinyesi, macho, anavyotembea, muite daktari wa mifugo amcheki minyoo na maumivu kabla hujamhukumu tabia.

Kuhusu msimu, huko kwao India kuzaliana kunaenda na mvua, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba hivi. Huku kwetu mvua ni zingine kwa hiyo mwangalie wa kwako mwenyewe: mkia ukishakuwa mrefu na anapiga kelele asubuhi na jioni mpaka majirani wanalalamika, basi ndo moto umewaka. Msimu ukiisha anapukutisha ule mkia wote mrefu, unaokota manyoya uwanja mzima, na homoni zinashuka nazo. Hiyo miezi ya mkia mfupi ndo miezi yako ya kufanya kazi, kujenga banda, kubadilisha utaratibu, kuleta majike, kila kitu. Ukijaribu kumrekebisha wakati mkia umejaa utachoka bure.

Sasa dalili, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu mtu akizijua hizi anapona majeraha mengi. Kufungua mkia peke yake siyo ukali. Dume anayetamba anaufungua wote, anautikisa unasikika kama mvua inayoanza kudondoka kwenye majani makavu, anageuka geuka, hapo anajionyesha tu (japo kama anakuonyesha wewe badala ya jike ujue tayari amekuchanganya). Wa kuogopa mara nyingi mkia ameufunga. Kimya. Shingo imenyooka au imeshuka mbele, jicho halikutoki, anatembea upande upande kama hana habari na wewe lakini kila hatua inamsogeza, au anakuzunguka apate mgongo wako. Bawa moja linaweza kushuka kidogo upande wako. Halafu anasimama. Kile kisimamo ndo cha mwisho, kinachofuata ni kuruka, na haruki na mdomo, anaruka na miguu mbele, anapiga na kucha na kile kipi, ule mwiba mgumu wa nyuma ya mguu kama wa jogoo ila mrefu na unazidi kurefuka kila mwaka. Dume mzima ni kilo 4 mpaka 6, akiruka anafika kifuani kwa mtu mzima bila shida, kwa mtoto hiyo ni usoni. Ndo maana hii habari mi siichukulii kirahisi hata kidogo.

Ukishamwona amesimama hivyo usigeuke kukimbia. Mgeukie, simama wima, na weka kitu kipana kati yako na yeye, mfuniko wa ndoo kubwa, beseni, ungo, mwavuli uliofunguliwa, chochote ambacho ni kipana na chepesi. Kishike chini usawa wa kifua chake, siyo usawa wa kifua chako, akiruka agonge pale pale. Usimsukume nacho, usimpige nacho, usipige kelele. Wewe shikilia tu na uanze kurudi taratibu kwenda mlangoni huku unamwangalia, akiruka mara ya pili agonge tena beseni. Ndege akigonga kitu ambacho hakimrudishii ugomvi wala hakikimbii anachoka mwenyewe, wengine haraka, wengine baada ya wiki kadhaa za kukutana na beseni kila siku. Kama huna kitu mkononi, vua koti au kanga uishike mbele, na mkono mwingine kinga macho. Macho kwanza, mengine yatapona.

Mwavuli napenda kuliko vyote, unauacha umening'inia mlangoni, kila anayetoka anautwaa. Ila ukiufungua ghafla mbele yake kila siku atauzoea, kwa hiyo toka nao ukiwa tayari umefunguka.

Kuna ushauri unazunguka kwamba umkamate, umbane kwapani, umshushe kichwa chini mpaka atulie ili ajue nani bosi. Kwa jogoo watu wanafanya na wengine wanasema imewasaidia. Kwa tausi mi sikushauri. Kumkamata tu ni vita, anapoteza manyoya, anaweza kukuchana mikono, na kama ni mchana wa jua kali ndege anaweza kupata joto na hofu mpaka akafa mikononi. Halafu hata ukifanikiwa umefanya nini, umempiga mieleka, yaani umethibitisha tena kwamba nyie ni wapinzani.

Watoto na wazee wasikae uwanja mmoja na tausi mkali, mwisho. Hapa hamna mjadala wa atazoea, wala amfukuze na kijiti. Mtoto wa miaka minne macho yake yako pale pale ambapo ule mwiba unafika. Mpaka banda liwe tayari, ndege ndo afungiwe, siyo mtoto. Na mgeni akija mwambie getini kabla hajaingia, siyo akiwa katikati ya uwanja.

Twende kwenye banda maana ndo dawa yenyewe. Watu wanajenga banda la tausi kama la kuku, fupi, dogo, ndege akifungua mkia unagusa waya pande zote, anavunjika manyoya, anakuwa na hasira muda wote. Mwambie fundi urefu wa kwenda juu usipungue mita 2 na nusu, upana usipungue mita 3 ili aweze kugeuka na mkia umefunguka, kwenda ndani mita 6 au zaidi kama eneo lipo. Juu funika na wavu, tausi anaruka vizuri tu msidanganyike na ule mkia. Weka sehemu ya kulala juu, mbao ya mbili kwa nne iliyolazwa ubapa, usawa wa mita moja na nusu kwenda mbili, na iwe mbali na ukuta mkia usikwaruze.

Na kitu ambacho mafundi wengi hawakijui: sehemu ya chini ya banda, kama mita moja hivi kutoka ardhini, ziba kabisa. Mabati, mabanzi, makuti, chochote kisichoonyesha. Kwa sababu dume akiwa anaona miguu ya kila anayepita nje anatumia siku nzima kukimbizana na watu kupitia waya, anaumia mdomo, na ule ukali unaongezeka badala ya kupungua. Ukiziba anakosa wa kugombana naye, juu bado anapata upepo na mwanga.

Milango iwe miwili, yaani unaingia kijumba kidogo unafunga nyuma yako ndo unafungua wa ndani, hata kama ni hatua moja tu ya nafasi, hiyo inakupa muda wa kumwangalia yuko wapi na kushika beseni lako. Chombo cha chakula na cha maji viwe vinajazwa kutoka nje kupitia kidirisha. Hii peke yake inaondoa zaidi ya nusu ya mikutano yenu ya kila siku, na ule ukali wa saa ya kulisha unakufa maana chakula kinatokea kwenye kidirisha, hakitokei kwa mtu. Kulisha mkononi acha kabisa, hata karanga moja, hata kama anakuja mpole, na wenzako nyumbani nao waache, mara nyingi wewe umeacha kumbe bibi anampa mkate jioni.

Ukilazimika kuingia kusafisha, ingia jioni akishapanda kulala, ndo muda ametulia. Vaa gambuti na suruali nzito ya jinzi, na miwani yoyote hata ya jua. Kama unataka kumhamisha kutoka sehemu moja kwenda nyingine tumia fito mbili ndefu, mianzi ni mizuri, shika moja kila mkono zikiwa zimenyooka chini upande na upande, tembea polepole nyuma yake, unamwelekeza kama unafunga njia, ncha isimguse. Wafugaji wa bata wanafanya hivyo hivyo na inafanya kazi vizuri sana.

Majike yanasaidia, lakini siyo kila mara. Dume mmoja kwa majike watatu mpaka watano ndo uwiano mzuri, akiwa na shughuli yake anapunguza kukufuatilia. Ila dume aliyelelewa na watu toka siku ya kwanza anaweza kuwapuuza majike kabisa na akaendelea kukutambia wewe, au akawapiga. Kwa hiyo walete wakae banda la jirani kwanza, waonane kupitia waya, na kabla ya hapo wakae mbali kabisa kama mwezi ili wasilete magonjwa. Usiweke jike mmoja peke yake na dume mwenye moto, atamsumbua mpaka achoke. Na madume wawili kwenye banda dogo msimu wa kupandana ni damu, watenganishe, na katikati weka kitu kisichoonyesha.

Magari sasa. Tausi anaona dume kwenye bodi ya gari, hasa rangi nyeusi au bluu iliyopigwa polishi, anadonoa na kukwaruza mlango kuanzia chini mpaka rangi inatoka, anaweza kushinda hapo. Kule Florida, kusini mwa Miami, kuna mji unaitwa Pinecrest ambao tausi wanazurura mitaani na wananchi wamelalamika sana kwa habari hiyo hiyo ya kuharibu magari, kwa hiyo siyo wa kwako tu. Dawa ni kuondoa lile dume la kwenye kioo: kava la gari, au turubai inayofika chini kabisa, maana ukifunika boneti na paa ukaacha milango hujafanya kitu. Vioo vya madirisha ya chini na milango ya vioo pakaa maji ya sabuni yakaukie hapo au bandika magazeti msimu ukiwa juu. Na kama ni gari la jirani, wahi wewe kumfuata, ukanunue kava, ni bei ndogo kuliko kupiga rangi milango minne na kuliko kugombana na mtu mnayekutana nae kila siku.

Watu wananiuliza sana, kwani hatuwezi kumhasi? Ndege siyo mbuzi. Korodani zake ziko ndani tumboni, juu karibu na figo, kuzitoa ni operesheni kubwa na hatari, kwa hiyo mtu akikuambia atakuja na wembe akumalizie hiyo kazi uani mfukuze. Hao Pinecrest walichoamua ni kuwafunga uzazi madume, na kufunga uzazi hakuondoi homoni, dume anaendelea kutamba na kulinda eneo lake kama kawaida, ila mayai hayaanguliki. Lengo lao ni idadi ipungue, kwa ukali haitusaidii.

Kinachosaidia ni kupunguza makali ya ule mwiba. Kwa nje ni kitu kigumu kama kucha lakini ndani kuna mfupa na damu, kwa hiyo unachokata ni ncha tu, milimita chache, halafu unasugua na tupa mpaka iwe butu ya mviringo. Usikate katikati, na usije ukauzungusha ung'oke kama wanavyofanya watu wa majogoo, inamuumiza na inaacha kidonda kinachoingia uchafu. Kama hujawahi, mwite daktari wa mifugo mara ya kwanza uone anavyofanya. Na unga wa kukausha damu uwe karibu, hata wanga wa kawaida wa jikoni unasaidia damu ikitoka kidogo.

Kumkamata kwa ajili ya hiyo kazi ni usiku, muwe wawili. Zima taa, msogelee polepole akiwa juu ya mbao, tochi ifunikwe na kitambaa mwanga uwe hafifu. Mmoja anamfunika shuka kichwani na mabawani kwa pamoja, akishakosa kuona anatulia kwa kiasi kikubwa, kisha mkono mmoja unashika miguu yote miwili juu karibu na mwili, ndege anabanwa kwenye ubavu wako na mabawa yamefungwa, kichwa kinaelekea nyuma yako. Mkia hamna kuushika hata kwa bahati mbaya, akiogopa anauachia wote mkononi mwako. Usimbane kifua, ndege anapumua kwa kupanua kifua, ukikikaza anakosa hewa hata kama pua ziko wazi. Fanyeni kazi yenu, mrudisheni juu ya mbao pale pale alipokuwa, ondoeni shuka mwisho kabisa mkiwa mmeshasogea.

Ikitokea ameshamchana mtu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa kutosha, maana kile kipi kimetoka kukanyaga kinyesi na udongo. Kidonda cha kutoboa kinaonekana kidogo juu kumbe kimeingia ndani, hicho ndo kibaya. Kichaa cha mbwa siyo ugonjwa wa ndege, hofu hiyo toa, hofu ya kweli ni pepopunda na uchafu, nenda zahanati uulizie sindano ya pepopunda kama hukumbuki mara ya mwisho kuchoma. Ikiwa ni jicho usioshe kwa kusugua, usiweke dawa ya kienyeji, usisubiri asubuhi, funika bila kubana na mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Na kuna ndege ambaye utafanya yote haya na bado atabaki vile vile. Dume aliyekua na watu tu mara nyingi habadiliki moyoni, anabadilika mazingira. Huyo anaweza kuishi miaka mingi sana, tausi wanafika 15, wengine 20 na zaidi, kwenye banda zuri lenye kidirisha, ana majike wake, anatamba, hamna anayeumia, na mi naona hayo ni maisha mazuri kabisa kwa ndege. Hatakuwa wa kutembea uwanjani na wageni wakipiga picha, kubali hilo. Ukiona huwezi, mpe mtu mwenye eneo kubwa na tausi wengine, ila mwambie ukweli wote, kwamba anarukia, anarukia vipi, msimu gani. Mambo ya kibali uliza kwanza ofisi ya wanyamapori kabla ya kununua, kuuza au kusafirisha, tausi siyo kuku, watu wamefikishwa mahakamani kwa kukutwa nao bila karatasi.

Kwa wenye mayai au vifaranga sasa hivi, nyie mna bahati, kazi yenu ni nyepesi. Mwache mama aatamie na alee mwenyewe. Kama hayupo, weka chini ya kuku mtetea mzima aliyepewa dawa ya minyoo, kwa sababu kuku anaweza kuwaambukiza tausi ugonjwa wa ini unaoua vifaranga haraka. Kama lazima taa na boksi, basi vifaranga wawe wawili watatu au zaidi, usimlee mmoja peke yake, boksi likae chumba ambacho watu hawashindi, chakula weka uondoke, usiwabebe kwenye mabega hata kama wanapendeza kiasi gani. Wakifika wiki kadhaa wahamishie wanapoweza kuwaona tausi wakubwa kupitia waya. Na ukianza kumwona dume mdogo anapendelea kusimama mlangoni akikusubiri wewe badala ya kukaa na wenzake, punguza kuingia mle ndani kuanzia siku hiyo, bado muda unao.